Furu wa Mzee Kajuna kwenye Mtumbwi wa Rubisi

Wiki iliyopita binti mmoja wa Kayanga alinipigia simu akiwa karibu kulia. "Shikamoo bibi. Nimelisafisha tangi vizuri kabisa. Nimetoa maji yote, nimesugua kokoto kwa sabuni mpaka zimekuwa nyeupe, nimejaza maji mapya ya bomba. Sasa samaki wote wanaelea." Nikaitikia marahaba, nikampa pole, halafu nikamwambia ukweli: umewaua kwa usafi. Nadhani alitegemea nimtajie ugonjwa wenye jina gumu.

Basi kwa ajili yake, na kwa ajili yenu wengine mnaonunua tangi leo na kesho mnatafuta wa kumlaumu, nimeketi kuandika haya. Mimi ni Leokadia wa Kanoni, wengi mnaniita Mama Koku. Nimekata vioo, nimeunganisha matangi na kutunza samaki wa watu humu Karagwe na kule Kyerwa mpaka magoti yalipokataa kupanda bodaboda. Sasa nimestaafu, na mstaafu hana bosi, kwa hiyo nitasema ninavyotaka.

Maji ya tangi yaliyokaa si uchafu. Ndani ya zile kokoto, na ndani ya sponji ya chujio, kuna vijidudu visivyoonekana ambavyo kazi yao ni kula uchafu wa samaki. Ukivisugua kwa sabuni umewafukuza wafagizi, ukabaki na taka. Toa robo ya maji kwa wiki, basi. Maji ya kurudishia yalaze kwenye ndoo iliyo wazi siku mbili, maana ya bomba yana dawa. Sponji ikamulie kwenye maji hayohayo uliyoyatoa, na maji hayo kamwagie mgomba, utakushukuru kwa mkungu. Na chakula, jamani, punguzeni. Tumbo la samaki halizidi jicho lake kwa ukubwa. Kuna mama mmoja, mke wa mchungaji, aliwapa samaki wake ugali kila jioni kwa upendo tu, na nilipofika nilikuta tangi la uji.

Yule alikuwa na nafuu. Mwingine aliona maji yake hayavutii, akatia buluu ya kufulia ili yafanane na ziwa. Ziwa lilipatikana, samaki hawakupatikana. Na kule Mabira mfugaji mmoja alinilalamikia kwamba samaki wake hufa kila Jumamosi. Nikamwuliza Jumamosi anafanya nini. Akasema ananyunyizia ng'ombe dawa ya kupe, akimaliza anakuja kuwalisha samaki, na kwa vile anawapenda anawachezea kwa vidole. Nilimwangalia usoni nikaona kweli hajui. Tangu siku hiyo, mtu akiniambia samaki wake wanakufa, siulizi kwanza habari za samaki. Nauliza mikono yake imetoka wapi.

Aliyenifundisha kazi hii ni Mzee Kajuna. Alikuwa bwana samaki wa serikali, Mlutheri wa kutoka Muleba, akaletwa huku kufanya kazi, akastaafu, akajenga Rugera, hakurudi kwao. Mke wake alikuwa ameshafariki. Mimi wakati huo nilikuwa nakata vioo vya madirisha dukani Omurushaka, mwanamke pekee kwenye kazi hiyo, na wateja wengi walikuwa wananiuliza fundi yuko wapi. Mzee Kajuna hakuuliza. Alinipa karatasi yenye mchoro wa vioo vitano na vipimo, akasema, "Nitengenezee sanduku linaloshika maji."

Sanduku la kwanza nililiunganisha kwa pati ya kubandikia vioo vya madirisha. Lilishika maji kwa muda wa kunywa chai. La pili nikatumia silikoni, nikajiona nimeendelea, likashika maji vizuri sana, na samaki wote kumi na mmoja wakafa kwa siku mbili. Mzee Kajuna hakunigombeza. Alichukua lile kopo, akalisogeza karibu na macho, akasoma maandishi polepole. Nilikuwa nimenunua silikoni ya bafuni, ile iliyotiwa dawa ya kuzuia kuvu. Dawa inayoua kuvu haiwezi kumbagua samaki.

"Silikoni yetu sisi," aliniambia, "ikiwa inakauka inanuka siki. Na kwenye kopo hakuna habari ya kuvu. Usipoisikia siki, usiitumie."

Halafu akanipeleka kwenye kibanja chake, akanipa jembe. Ilinibidi nizike samaki wote chini ya migomba, mmojammoja, na kila mmoja nimwambie kilichomuua. Nadhani mnacheka. Mimi nilicheka kwa wa kwanza. "Umekufa kwa silikoni ya bafuni." Kufika wa sita nilikuwa sicheki tena, na kufika wa kumi na moja nilikuwa nimejifunza kusoma kopo. Huo ndio ulikuwa mtindo wake. Hakuwahi kunipigia kelele hata siku moja, na mimi, ambaye nimezaliwa na kelele, nilimwogopa kuliko mtu yeyote.

Sasa niwaeleze furu. Ninyi mnapenda samaki wa dukani wanaotoka mbali, wenye mikia ya vitambaa. Mzee Kajuna alifuga furu, samaki wetu wadogo wa huku, ambao watu wanawaanika juani na kuwatia kwenye karanga. Wake walitoka kwenye kibwawa kimoja cha mafunjo upande wa Kyerwa. Aliwachukua alipokuwa bado kazini, na baadaye kile kibwawa kilikaushwa, kikalimwa maharage. Alizunguka mabwawa mengine yote miaka mingi na hakuwaona tena wa namna ile. Dume alikuwa na mdomo wa buluu, na kwenye ncha ya pezi la chini ana doa jekundu. Jike ni wa rangi ya udongo tu, humwangalii mara mbili. Mzee aliwazalisha kizazi baada ya kizazi ndani ya tangi moja la sebuleni. Lakini furu hawaishi miaka mingi, na yeye alianza kutoona vizuri, watoto wakawa wanaliwa bila yeye kujua. Mwisho akabakiwa na dume mmoja na majike wanne.

Macho yake yalikuwa na mtoto wa jicho, yote mawili. Kwa muda mrefu alitudanganya. Alijua tangi kwa masikio. Chujio likianza kuziba alisikia, samaki akiruka alisikia, umeme ukikatika alikuwa wa kwanza kuchukua kikombe na kuanza kuchota maji na kuyamimina kutoka juu ili yapate hewa. Mimi mwenyewe sikugundua mpaka siku aliponiuliza, "Dume bado ana doa lake?" na dume alikuwa mbele ya pua yake.

Ikapatikana nafasi ya kufanyiwa upasuaji wa jicho moja, Mwanza, ambako mpwa wake angemtunza mpaka apone. Wiki tatu, walisema. Nyumba ya Rugera ingebaki tupu. Akaniambia niwachukue furu kwangu.

"Leokadia," akasema, "jicho likifunguliwa, nataka kitu cha maana cha kwanza kuona kiwe yule dume. Nimesahau uso wake."

Nikasema ego, waitu, ndiyo mzee wetu, usiwe na wasiwasi hata kidogo. Hilo neno "hata kidogo" lilinirudia baadaye.

Fungueni masikio hapa, maana hapa kuna kosa la kwanza. Tangi halihamishwi likiwa na kitu ndani. Kokoto zote toa, maji yote toa, hata kama ni vidole viwili tu. Maji na kokoto vinacheza barabarani, na kioo kinajipinda kwenye maungio. Nilikuwa nimewaambia watu hivyo mara mia. Siku ile nilikuwa na haraka, bodaboda ananiangalia, nikaacha kokoto na maji kidogo chini, nikajiambia ni kutoka Rugera mpaka Kanoni tu. Samaki niliwatia kwenye ndoo yenye mfuniko. Dereva akauliza kama ni maziwa. Nikamwambia ni maziwa yenye macho, endesha taratibu. Aliendesha taratibu safari ya ndoo, akaniacha nyumbani, akarudi Rugera kuchukua tangi, na taratibu akaisahau huko.

Siku ya pili asubuhi sakafu ya sebule yangu ilikuwa imelowa. Ungio la pembeni limeachia. Hiyo si ajabu kwa fundi, unakwangua silikoni ya zamani, unapaka mpya, unasubiri siku mbili tatu mpaka harufu ya siki iishe kabisa. Swali ni samaki wakae wapi hizo siku. Ningeweza kutumia mabeseni. Nilikuwa na mabeseni matatu, mazuri, ya plastiki. Lakini Mzee Kajuna alikuwa amenizoesha kuamini kwamba maji mengi ni usalama, na nyumbani kwangu chombo cha maji mengi kilikuwa kimoja tu: mtumbwi wa mume wangu, Fransisko, wa kukamulia rubisi, pombe yetu ya ndizi.

Kwa walio wageni huku, mtumbwi huu hauendi ziwani. Ni gogo lililochongwa shimo refu, humo tunatia ndizi mbivu na majani, zinakanyagwa kwa miguu mpaka zinatoa juisi, inachanganywa na unga wa mtama, inafunikwa, kesho ni pombe. Wa Fransisko ulikuwa wa baba yake. Gogo hilo limekunywa rubisi kuliko kijiji kizima.

"Ni msafi," Fransisko aliniambia. "Nimeusugua mwenyewe, na umekaa juani wiki mbili."

Nikaunusa. Ulinuka mti. Nikajaza maji yaliyolala, nikawashusha furu watano, wakaogelea vizuri, dume akatandaza mapezi yake kama anakagua nyumba mpya. Nikaufunika kwa majani ya migomba kuwakinga na kuku. Nikajisifu. Nilikwenda hata kumwonyesha jirani.

Mnajua kilichotokea, kwa sababu mmesoma sayansi. Mimi sikujua. Mti ulikuwa na sukari na chachu ya miaka hamsini ndani ya nyama yake, na nilikuwa nimeupa maji na kuufunika, yaani nimefanya hasa kile anachofanya Fransisko akitaka pombe. Asubuhi nilipofunua majani kulikuwa na povu juu. Furu walikuwa wamelala ubavu ubavu. Fransisko alichungulia akasema, "Mawe, mama yangu! Wamelewa."

Jirani aliyekuja akacheka, akasema wapewe supu. Nilimfukuza kwa mwiko. Hawakuwa wamelewa, walikuwa wamekosa hewa, chachu imeimaliza yote. Nilivua mmojammoja na kuwatia kwenye beseni la maji safi, nikachota na kumimina kwa kikombe mpaka mkono ukafa ganzi. Majike wawili walirudi. Waliinua kichwa, wakaanza kupumua kwa shida, baadaye vizuri. Majike wawili hawakurudi. Dume hakurudi. Nilimshika kwenye kiganja, buluu ya mdomo ikawa inafifia huku naitazama, na nilipiga kelele ambayo ilimtoa Fransisko mbio kutoka kibanjani akidhani nimeumwa na nyoka.

Niliwazika watatu chini ya mgomba. Niliwaambia kilichowaua.

Majike wawili bila dume ni mwisho wa ukoo, hilo halihitaji elimu. Kibwawa kimelimwa, hakuna pa kwenda kuchota wengine. Na jioni ile ile simu ikalia kutoka Mwanza.

"Leokadia, habari ya huko? Dume anaendeleaje?"

Nikasema, "Yupo, mzee."

Sijui kwa nini nilisema hivyo. Najua, niliogopa. Alikuwa anapelekwa chumba cha upasuaji kesho yake, nikajiambia si vizuri kumtia presha mgonjwa. Hiyo ilikuwa sababu nzuri ya siku moja. Lakini akapasuliwa, akatoka salama, na bado nikasema yupo. Kila jioni alipiga. Mara nyingine aliniambia niweke simu karibu na tangi asikie pampu. Nikaweka simu karibu na pampu, nayo ilikuwa inatoa mapovu kwenye beseni lenye majike wawili, na mzee wa watu jicho limefungwa bandeji anasema, "Aah, nawasikia." Nilikata simu nikaenda kukaa nyuma ya jiko.

Tangi nililitengeneza likakauka, nikawarudisha majike. Ndipo shetani akanipa shauri. Mvuvi mmoja wa mtoni aliniletea furu dume, kwa kuwa nilikuwa nimeuliza uliza. Hakuwa wa ukoo ule. Alikuwa mkubwa zaidi, tumbo la njano, lakini mdomo ulikuwa na buluu kidogo na kwenye pezi kulikuwa na kitu kinachofanana na doa kama hutazami sana. Nilimweka kwenye ndoo na kumtazama siku tatu. Mzee hajamwona dume wake vizuri kwa miaka. Mwenyewe alisema amesahau uso wake.

Nawaambia hili kwa sababu ni kweli, si kwa sababu najivunia. Jumapili ile kanisani nilijikuta naomba bandeji ikae wiki nyingine. Nilimwombea mwalimu wangu aendelee kutoona. Nilipogundua ninachokiomba nilitoka nje kabla ya misa kwisha, nikajifanya nina kikohozi.

Wakati huohuo nilikuwa na balaa jingine. Mmoja wa majike aliacha kula. Nilimpa kila kitu, akakataa. Akakonda mgongo, na chini ya kidevu akavimba. Niliona wazi kwamba ile pombe imemharibu ndani na sasa namalizia kumuua. Nilijua, kwa kuambiwa, kwamba furu jike hubeba mayai mdomoni. Lakini nani atabaki na mayai mdomoni baada ya kulala ubavu kwenye povu? Na mtu mwenye hatia, wanangu, kila uvimbe anauona ugonjwa. Nilikuwa nimeshapanga kumtenga kwenye beseni na kumtia chumvi.

Wiki ya tatu mzee akapiga simu kwamba amefika Omurushaka na anakuja moja kwa moja Kanoni, hata Rugera hapiti. Nilichukua kiwavu na ile ndoo. Nikasimama mbele ya tangi. Fransisko alikuwa mlangoni anavua viatu vya shamba.

"Unamtia huyo mgeni?" akauliza.

"Nifanyeje sasa?"

"Mzee wa watu ndiyo kwanza wamemtoa ukungu jichoni," akasema. "Wewe unataka kumtia mwingine?"

Fransisko si msemaji. Kwa mwaka anasema maneno yangu ya siku moja. Niliweka kiwavu chini nikaibeba ndoo mpaka kwa mvuvi, nikamrudishia samaki wake, nikarudi nakimbia na magoti haya. Nilimkuta Mzee Kajuna anashuka kwenye bodaboda, miwani myeusi, amevaa koti la kanisani.

Sikusubiri aingie. "Shikamoo mzee. Dume amekufa. Nilimuua mimi, siku ya tatu tu. Nilimtia kwenye mtumbwi wa rubisi. Amekufa yeye na majike wawili. Siku zote nilikuwa nakudanganya."

Alibaki ameshika mkoba. "Marahaba," akasema kwanza, maana yeye hata nyumba ikiungua lazima aitikie salamu. Halafu, "Mtumbwi wa rubisi?"

"Ego, waitu."

"Ulikuwa na mabeseni."

"Nilikuwa nayo."

Alitikisa kichwa polepole. Aliumia, niliona, na alikuwa na haki ya kuumia. "Ungeniambia kwenye simu," akasema. "Nisingekuwa nakaa kule nampigia hesabu marehemu." Hakuna alichowahi kuniambia kilichonichoma kama hicho. Halafu akasema nimpeleke kwenye tangi hata hivyo.

Nilimwekea kiti. Akavua miwani. Jicho moja bado lilikuwa na ule weupe, jingine lilikuwa jekundu kidogo pembeni lakini jeusi katikati, safi, linanitazama mimi kwanza, mpaka nikaona aibu. "Umezeeka, Leokadia," akasema. Halafu akageukia kioo. Akawafuata wale wawili kwa jicho lake jipya. Fransisko aliingia, akaona, akatoka kwa ncha za vidole.

"Huyu wa kushoto," mzee akasema baadaye, "amekula lini?"

"Hali. Ni siku nyingi. Amevimba, mzee, nadhani ni ile pombe. Nilitaka kumtenga leo, nimpe chumvi."

"Usimguse." Sauti yake ilibadilika. "Njoo hapa. Inama. Mtazame chini ya kidevu, anapogeukia mwanga."

Niliinama. Niliona uvimbe uleule niliouona siku zote.

"Tazama vizuri. Ngozi pale ni nyembamba."

Jike akageuka. Ndani ya ule uvimbe, nyuma ya ngozi, kulikuwa na vidoa vyeusi viwili viwili, vingi, vimebanana. Vikasogea. Yalikuwa macho.

"Siku moja kabla sijaondoka," mzee akasema, "nilisikia dume anasogeza kokoto usiku kucha. Nikajua anatengeneza mahali. Sikukwambia, nilitaka nikirudi nione mwenyewe." Akacheka kidogo, halafu ule uso ukakunjika, akatoa leso. "Amewabeba kwenye bodaboda. Amewabeba kwenye rubisi. Hajafungua mdomo ale hata mara moja. Na hawa ni samaki wa mafunjo, Leokadia, wamezoea maji yasiyo na hewa. Dume alijichosha kwa kuringa."

Nilikaa sakafuni. Nililia mbele yake kwa mara ya kwanza katika miaka yote, na yeye alikuwa anasema, "Basi, basi, utamshtua," na sijui alikuwa ananionea huruma mimi au samaki.

Hakurudi Rugera. Alisema kitanda chetu cha wageni kinamtosha, na kwa kweli hakukitumia sana, maana alishinda kwenye kile kiti. Tulimhamisha yule jike mwingine kwenye beseni ili asije akawala watoto. Mnaofuga furu kumbukeni hili: mama anayelea mwacheni peke yake, msimsumbue kwa wavu, msimlazimishe kula, na muwe na kichaka cha majani ndani ya tangi watoto wapate pa kujificha. Na chujio lifungeni sponji, la sivyo litawanyonya.

Siku ya tatu, kama saa nne asubuhi, nilikuwa namenya ndizi uani niliposikia mzee ananiita kwa jina langu tu, bila kelele. Nikaenda na kisu mkononi. Jike alikuwa amesimama karibu na kokoto, mdomo wazi, na mbele yake kulikuwa na wingu dogo la vitu vyenye macho, kila kimoja hakizidi punje ya mchele. Kivuli changu kilipopita kwenye kioo aliwanyonya wote wakarudi ndani. Tukasubiri tumeshika pumzi. Akawatoa tena.

Mzee Kajuna alikuwa ameweka kidole kwenye kioo, pua karibu kugusa, anahesabu kwa sauti. Alipofika ishirini na kitu walijichanganya, akasema aa, akaanza upya. Akavurugikiwa tena kwenye kumi na tisa, akaanza upya. Nilimwachia. Nilirudi kwenye ndizi zangu, nikazibandika jikoni, na harufu ilipoanza kutoka nikagundua kwamba nina njaa, njaa ya kweli, ya wiki tatu.